Vyandarua Viwili Chini ya Unga wa Uwele

Kristina wa Kinyangiri alikuwa mwanamke wa mpango. Nyumbani kwake kila sufuria ilikuwa na msumari wake ukutani, kuku waliingia bandani bila kufukuzwa, na mumewe, mzee Andrea, alikwisha kuzoea kuulizwa anakwenda wapi hata anapokwenda chooni. Ndiyo maana kiangazi cha mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipotangazwa na watu wakaambiwa wakae vikundi vikundi kusikiliza mafunzo ya redio, hakuna aliyeuliza nani awe mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa upande wao. Kristina alikuwa ameshakikalia kiti.

Alikiendesha kikundi kile kwa mkono wa chuma. Aliwanyamazisha wenye watoto wa kulia, akawatoa nje wenye kucheka, na kipindi kilipokwisha alikirudia chote tangu mwanzo kwa sauti yake mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini sana yule mtangazaji. Habari ya malaria ndiyo aliyoirudia zaidi. Fukieni madimbwi. Fyekeni majani. Jua likizama, funikeni mikono na miguu. Laleni ndani ya chandarua, na ukisafiri kwenda kwenye mbu wengi, anza kumeza dawa kabla hujaondoka na usiache mpaka uwe umerudi wiki kadhaa. Wanawake wenzake walitazamana. Kinyangiri iko juu, kuna upepo na baridi, mbu wake ni wachache na hata kung'ata hawajui vizuri. Lakini Kristina hakuwa anasema na mbu wa Kinyangiri. Mawazo yake yalikuwa bondeni.

Binti yake Marietha alikuwa ameolewa na kijana mmoja mchapakazi aitwaye Gasto, nao wakajiandikisha katika kijiji cha ujamaa cha Juhudi, chini kabisa, mahali ambapo mbuga ya Wembere inakaribia Ziwa Kitangiri. Ardhi ya huko ni nyeusi, inakubali pamba na mpunga, na samaki wapo. Mbu nao wapo, si wa mchezo. Kifuku kilichopita, mvua zilipokolea, Marietha alikuwa na mimba ya miezi sita. Malaria ikamshika, ikamtikisa, na ilipomwachia mtoto alikuwa ameshatoka. Habari zilimfikia Kristina maziko yakiwa yamekwisha. Hakumwona mjukuu wake wala hakuliona kaburi lake, na jambo hilo lilimkaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka.

Sasa Marietha alikuwa mjamzito tena, na siku zake zingetimia mvua zikielekea mwisho. Vidonge vya kliniki alipewa, lakini tumbo lake halikuvitaka, akimeza anatapika. Kristina alipoyasikia hayo alikata shauri papo hapo.

"Nakwenda," alimwambia mumewe. "Na mtoto huyu atazaliwa."

Andrea hakubisha. Alikwenda Singida Mjini na gunia la vitunguu, akarudi na kitambaa cha chandarua. Fundi Tamimu, aliyekuwa na cherehani yake barazani pale sokoni Kinyangiri, akashona vyandarua viwili. Kimoja kilikuwa kipana, cha kitanda cha watu wawili, hicho cha Marietha na mumewe. Kwa kitambaa kilichobaki akamshonea Kristina mwenyewe kimoja chembamba cha kulalia mtu mmoja.

"Mama Marietha," alisema Tamimu akikata uzi kwa meno, "mbu wa Wembere wakikuona na hivi watarudi kwao kulia."

"Na walie," alijibu Kristina.

Palikuwa na neno moja tu la kupanga. Kwao mama hazungumzi habari za kitanda cha binti yake, sembuse na mkwe. Hayo ni ya shangazi. Kwa hiyo ilipangwa kwamba Leah, dada yake Andrea, aandamane na Kristina, na yeye ndiye atakayekikabidhi kile chandarua kipana kwa maneno yanayostahili. Shangazi Leah alikuwa na ulimi usioona haya na aliisubiri kazi hiyo kwa furaha. Lakini siku ya safari, akiparamia lori, aliteguka mguu, akarudishwa nyumbani kwa mkokoteni huku akilia kwa uchungu wa mguu na uchungu wa kukosa safari. Kristina akaondoka peke yake. Vyandarua vilikuwa chini ya kikapu, juu yake unga wa uwele, juu ya unga jogoo aliyefungwa miguu. Vidonge vya klorokwini, dawa ya kukinga malaria inayomezwa kila wiki, alivifunga pembeni mwa kanga. Cha kwanza alikuwa amekwisha kukimeza Jumapili, akitoka kanisani, kama redio ilivyosema.

Lori lilimfikisha Iguguno, akapata basi. Walipoanza kuteremka milima ya Sekenke alihisi joto linapanda kumpokea, hewa nzito ya mvuke. Huko chini mbuga ilikuwa inang'aa maji kila upande. Abiria wengine walisema ni nzuri. Kristina aliyatazama maji yale akafunga vifungo vya sweta lake mpaka shingoni, jasho likimtoka.

Gasto alikuwa anamsubiri Shelui na mkokoteni wa ng'ombe. Alisimama mbali, akageuka upande, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," aliiambia barabara.

"Marahaba, baba," Kristina aliujibu ukwato wa ng'ombe.

Hivyo ndivyo walivyolelewa wote wawili. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali naye chakula kimoja, haingii anapolala, na akiwa na neno humpitishia mtu mwingine. Si uadui. Ni heshima, na kadiri watu wanavyopendana ndivyo wanavyoizidisha. Gasto alimpenda mama mkwe wake kweli kweli, kwa hiyo njia nzima alitembea mbele ya ng'ombe bila kugeuka hata mara moja. Walipofika nyumbani, alipokuwa anakishusha kikapu, kikainama, unga ukamwagika kidogo, na Kristina akaruka kukidaka kabla hakijatoa siri yake. Gasto alikiachia haraka, akatazama kando.

Marietha alitoka akikimbia, tumbo mbele. Walikumbatiana wakalia, wakacheka, wakalia tena. Kisha akampeleka mama yake nyuma ya nyumba, na hapo Kristina akasimama ameduwaa.

Gasto alikuwa amemjengea nyumba. Ni kijumba cha chumba kimoja, lakini kilikandikwa vizuri na kupakwa chokaa, mlango una komeo, ndani kuna kitanda kipya cha kamba. Godoro alikuwa amelijaza pamba kwa mikono yake. Palikuwa na blanketi jipya, kigoda, mtungi wa maji na kata yake, hata msumari wa kutundikia kanga. Gasto alikuwa amejificha nyuma ya ukuta wa jiko, na kutoka huko sauti yake ikasikika.

"Marietha, mwambie mama, hapa kwangu hatakosa kitu."

"Mama, anasema hapa kwake hutakosa kitu," alisema Marietha, kana kwamba mama yake alikuwa kiziwi.

"Mwambie ameninyamazisha," alisema Kristina, na machozi yalikuwa yanamlenga.

Aliketi kitandani. Kitu kimoja tu kilikosekana mle ndani, nacho alikuwa nacho chini ya unga wa uwele. Na hapo ndipo mwenyekiti wa Mtu ni Afya alipokwama. Akikitoa chandarua chake na kukitundika, si atakuwa amemwambia mkwe wake, mbele ya kijiji kizima, kwamba nyumba aliyoijenga kwa jasho lake haitoshi? Mgeni gani anakwenda ukweni na malazi yake mgongoni? Watu wangesema mkwe wa Gasto amekuja na nyumba yake. Aliwaza, akawazua, akasema moyoni kwamba atangoja siku chache, mpaka wazoeane.

Kuhusu kile kipana, alipiga moyo konde. Siku ya pili, Gasto akiwa shamba la kijiji, alikitoa akakifunua mbele ya binti yake. Marietha alikitazama kikimwagika mpaka chini, cheupe, chepesi, kisha akaelewa ni cha wapi, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Mama! Shangazi yuko wapi?"

"Shangazi ameteguka mguu."

"Sasa mimi nitamwambiaje baba wa watu kwamba mama yangu ameniletea kitu cha kitandani?"

Kristina, aliyekuwa akiwatoa nje wanawake wa Kinyangiri kwa kosa la kucheka, aliinamisha macho kama msichana. Alikikunja tena. Kikarudi chini ya unga.

Jioni ilipoingia mbu walikuja. Redio ilikuwa haikusema hata nusu yake. Walitoka mpungani kwa uimbaji kama kwaya iliyokosa mwalimu, wakaingia kila penye upenyo. Kristina alijifunga kanga mbili na sweta, akachoma majani mabichi mlangoni mpaka akakohoa, akajifunika blanketi gubigubi na joto lote lile. Asubuhi paji la uso lilikuwa limejaa vipele. Marietha naye alikuwa navyo, shingoni na mikononi, na Kristina alivihesabu kimoja kimoja.

Ilipofika Jumapili akameza kidonge cha pili. Sasa klorokwini ina tabia yake, waliowahi kuimeza wanajua. Ilimshika jioni, kuanzia viganjani, ikapanda mikononi, ikaenea mgongoni, mwasho usio na pa kuutuliza. Kule Kinyangiri alikuwa amejikuna nyuma ya mlango na dunia ikaendelea. Lakini hapa alikuwa katika ua wa mkwe. Gasto alipita na mzigo wa kuni, na Kristina, mama mzima, alikuwa amejibanza kwenye nguzo anajisugua mgongo kama mbuzi. Gasto aligeuza uso haraka. Kristina alitamani ardhi ipasuke.

Jumapili iliyofuata hakumeza.

Jirani yao wa mpakani alikuwa Bi Ziada, mwanamke wa makamo aliyekuja Juhudi kutoka Singida Mjini na mumewe kuendesha duka la ushirika la kijiji. Yeye alilala ndani ya chandarua na hakumficha mtu. Siku moja, wakichambua mchele, Kristina alimweleza yote.

"Mama Marietha," alisema Bi Ziada, "yaani vyandarua unavyo, viwili, na mnaliwa?"

"Nikitundika ni kama ninamtukana mkwe wangu."

"Na kidonge?"

"Nitajikunaje mbele yake?"

Bi Ziada aliweka ungo chini. "Basi waambie na mbu waone haya."

Kristina alikasirika. Alimwambia watu wa mjini hawana mila, wakaagana kwa kununiana. Lakini maneno yale yalimfuata mpaka nyumbani, yakakaa naye.

Wiki ile ile, mchana wa jua kali, alianza kusikia baridi. Alivaa sweta, akavaa kanga juu ya sweta, akajikunyata juani akitetemeka meno yakigongana. Kichwa kikawa kinapigwa nyundo. Alijikokota mpaka kitandani mwake, akaanguka. Marietha alipomgusa aliruka nyuma, mwili ulikuwa kaa la moto. Mama yake alikuwa anaongea na watu wasiokuwapo, anawaamuru wafunge midomo wasikilize redio.

Marietha hakuwa na nguvu za kumwinua. Bi Ziada alikuja mbio, ugomvi umekwisha hapo hapo, lakini wanawake wawili, mmoja mjamzito, wangembeba mpaka wapi? Ng'ombe na mkokoteni walikuwa shambani, na hata wangekuwapo, njia ya kwenda zahanati ilikuwa imejaa maji. Bi Ziada alikimbia kumwita Gasto.

Kristina alisikia "hodi" mlangoni, akaijua sauti. Hata katika homa ile aliijua.

"Asiingie!" alipiga kelele, akivuta blanketi. "Mwambieni asiingie! Mimi nimelala!"

Gasto alisimama kizingitini. Alikuwa na tope mpaka magotini. Mara hii hakumtuma mtu.

"Mama," alisema, "mwaka jana nilingoja ng'ombe warudi. Nikangoja maji yapungue. Mwanangu nikamzika mwenyewe nyuma ya mpunga. Leo singoji."

Alinyoosha mkono akachukua kanga msumarini kando ya mlango, ule msumari alioupigilia kwa mkono wake, akajifunika kichwa mpaka machoni ili asimwone mkwe wake akiwa kitandani, akaingia anapapasa. Bi Ziada alimwongoza mikono. Alimwinua Kristina na blanketi lake, akamweka mgongoni, wakamfunga kwa kanga kama mtoto anavyobebwa, na Gasto akatoka naye akaingia majini.

Kristina aliikumbuka safari ile kwa vipande vipande. Aliyakumbuka maji yanachuruzika, mara chini ya miguu ya Gasto, mara mpaka kiunoni mwake. Aliikumbuka harufu ya jasho na tope. Na alimkumbuka mkwe wake akisema naye njia nzima, bila kuacha, maneno aliyokuwa ameyapitisha kwa wengine tangu siku ya posa. Alimwambia habari za pamba. Alimwambia jogoo aliyemleta amewapiga majogoo wote wa Juhudi. Alimwambia, "Usilale mama, nijibu," naye alijibu, "Nakusikia, baba," kila mara, mpaka wakafika.

Mganga wa zahanati, kijana aitwaye Idrissa, alimchoma sindano, akampa dawa, akamlaza chini ya chandarua. Homa iliachia kidogo kidogo. Asubuhi ya pili Kristina aliweza kuketi na kunywa uji, na Idrissa akavuta kigoda. Gasto alikuwa amekaa mlangoni, mgongo wake ukiwatazama, kanga bado begani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Wewe ni wa juu, malaria hujaizoea. Ukiteremka huku bila kinga inakuangusha kabisa. Hukuja na dawa?"

"Nilikuja nayo."

"Na chandarua?"

Kristina alikitazama kikombe cha uji. "Ninavyo viwili."

"Viko wapi?"

"Chini ya unga."

Idrissa alishindwa kujua acheke au akasirike. Akauliza polepole, "Na mjamzito, analala ndani ya chandarua?"

Kristina alitikisa kichwa. Aliona aibu kubwa kuliko zote alizowahi kuziona, kubwa kuliko ile ya kujisugua nguzoni, kwa kuwa sasa aliona amekuja mwendo wote ule kumkinga mwanawe na akaikalia kinga yenyewe.

"Baba," alisema, akiuambia mgongo wa mkwe wake moja kwa moja, "niliona nikivitoa nitakuwa nimekudharau. Ulinijengea nyumba."

Gasto aliivuta ile kanga begani, akaikunja magotini.

"Niliviona," alisema Gasto. "Siku ile ya kwanza, unga ulipomwagika. Niliona ncha nyeupe. Nikasema moyoni, mama ametuletea chandarua, Mungu ashukuriwe, safari hii mtoto wetu atapona. Nikawa ninangoja ukitoe. Kila nikirudi kutoka shambani ninatazama kama kimetundikwa. Nikadhani labda tumekukosea kitu. Sasa ningewezaje kumwomba mkwe kitu kilicho ndani ya kikapu chake?"

Kristina alilia, hakujificha. Alilia mpaka uji ukapoa. Kumbe muda wote ule walikuwa watu watatu katika ua mmoja, wote wanajua, wote wanataka jambo moja, na wote wanaoneana haya huku mbu wakijinywea damu yao kwa raha zao.

Maji yalipopungua Marietha aliletwa kwa mkokoteni, akapimwa siku hiyo hiyo. Malaria ilikuwa imeanza kumnyemelea, lakini bado ilikuwa changa. Idrissa alimpa dawa akamkalisha pale pale kivulini mpaka alipohakikisha hataitapika, na akamwambia arudi.

Waliporudi nyumbani, Gasto alileta mbuzi. Alikuwa ameingia anapolala mama mkwe na kumgusa, na kwao kosa la namna hiyo haliachwi hivi hivi, lazima lisafishwe kwa faini. Wanaume wawili watatu wa ukoo wake walikuja kushuhudia, na Bi Ziada alikuja kwa kuwa hakuwa mtu wa kukosa jambo. Mbuzi alikuwa mzuri, mnene, mweusi. Kristina alitoka kwenye kijumba chake amejifunga kanga, amekonda, lakini macho yake yalikuwa yamerudia ukali wa mwenyekiti.

"Faini ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yako, mama," walijibu wanaume.

"Basi mimi ndiye wa kuitaja. Huyu mbuzi atanikinga na nini? Mrudisheni." Akaingia ndani, akatoka na kikapu, akamwaga unga wa uwele kwenye ungo mbele yao wote, akavitoa vyandarua vikiwa vimejaa vumbi la unga. "Faini yangu ni hii. Mkwe wangu atavitundika hivi kwa mkono wake. Changu chumbani kwangu, na hiki kipana pale panapostahili, mimi sisemi ni wapi. Na kila siku jua likizama ahakikishe kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Asipofanya hivyo, ndipo atakapoleta mbuzi. Na ng'ombe."

Mmoja wa wale wanaume alitaka kusema kwamba jambo la namna hiyo hawajawahi kulisikia. Bi Ziada alimtazama, naye akaghairi. Gasto alivipokea vyandarua kwa mikono miwili, akiinama. Alipigilia misumari jioni ile ile, na kutoka jikoni Kristina alisikia nyundo ikigonga, kwanza kwake, kisha kule kwingine, naye aliinamia sufuria yake akitabasamu peke yake.

Hawakuishia hapo. Kristina alipopata nguvu alianzisha vita na madimbwi. Aliwatoa wanawake wa Juhudi kufukia mashimo walimochimba udongo wa kukandikia nyumba, ambayo kila moja lilikuwa limegeuka kisima cha mbu. Aliwapigia kelele, akawacheka, akawasimulia jinsi yeye mwenyewe, mwenyekiti mzima, alivyobebwa mgongoni na mkwe kwa sababu ya kuona haya. Hilo lilikuwa somo walilolipenda kuliko yote. Mpunga haukuondoka, mbu hawakuisha. Lakini ndani ya vyandarua watu walilala.

Mtoto alizaliwa mvua za mwisho zikinyesha, zahanatini, mikononi mwa mkunga, wa kike, mwenye sauti ya kutisha. Kristina alimshika akamchungulia vidole vya mikono, akachungulia vya miguu, akakaa chini akaanza kuvihesabu upya. Gasto alisimama nje ya dirisha.

"Ana sauti ya nani huyu?" aliuliza, na hakumtuma mtu kuuliza.

"Ya bibi yake," alisema Kristina.

Kristina alikaa mpaka mtoto alipoanza kucheka. Wakati huo Juhudi ilikuwa imeshapata desturi yake ndogo. Mgeni akitoka juu, kabla hajapewa maji ya kunywa, mwenyeji humpokea mzigo na kumwuliza mlangoni chandarua chake kiko wapi. Mgeni hukitoa, mwenyeji hukipokea kwa mikono miwili na kukitundika mwenyewe, kama anavyopokea kuku wa zawadi, na hakuna aliyedharauliwa. Ilianza kama utani wa kumcheka Kristina. Ikabaki.

Siku ya kurudi ilikuwa Jumapili. Gasto alimsindikiza mpaka Shelui, Marietha na mtoto wakiwa juu ya mkokoteni. Basi lilikuwa limejaa, injini inanguruma, Kristina ameshapata kiti cha dirishani, mara akamwona mkwe wake anapenya katikati ya watu akiwa na kata ya maji. Alisimama chini ya dirisha. Alimtazama usoni.

"Mama, kidonge!"

Abiria waligeuka. Kristina alifungua pembe ya kanga, akatia kidonge mdomoni, akapokea kata, akameza, akakunja uso kwa ule uchungu.

"Na ukifika nyumbani usiache," alisema Gasto kwa sauti, watu wote wanasikia. "Jumapili nne nyingine. Daktari amesema."

"Nitajikuna, baba," alisema Kristina.

"Jikune tu, mama."

Basi likaondoka. Marietha alimnyanyua mtoto juu, akautikisa mkono wake mdogo kumuaga bibi. Walipofika katikati ya milima ya Sekenke mwasho ulianza viganjani, ukapanda mgongoni, na Kristina akajisugua kwenye kiti cha basi kulia na kushoto mbele ya abiria wote. Mama mmoja aliyekaa karibu naye akamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema Kristina. "Nina mjukuu."